Naomba ushauri: moduli za kazi moja moja au zilizochanganywa, kwa sinthesaiza ya taarab?

Kinanda_Chake
Assalaam alaykum. Napiga kinanda kwenye kikundi chetu cha taarab hapa Chake Chake, na sasa nataka kujenga sinthesaiza ya Eurorack, ile ya vipande (moduli) vinavyofungwa kwenye kasha na kuungwa kwa waya. Kasha ninalo, safu moja ya HP 84 (HP ni kipimo cha upana wa moduli), kama sentimita 43. Ninunue osileta (inayotoa sauti), filta (inayoichuja), VCA (inayoikuza na kuipunguza) na enivelopu (inayoamua sauti ianze na kuisha vipi) kila moja peke yake, kama zile za Doepfer A-100? Au nichukue A-111-5 yao hao hao, ambayo ina osileta, filta, VCA, ADSR (ndiyo enivelopu) na LFO 2 (za kutikisa sauti polepole) kwenye paneli moja? Nataka sauti ya kujibizana na udi, na bayati (moja ya maqam, yaani mipangilio ya nota ya Kiarabu) lazima itoke.

Fundi_Wete
Waalaykum salaam kaka. Miye nasema kazi moja moja, khasa sisi wa pwani. Chumvi inakula matundu ya waya. Tundu la VCA likishika kutu, unaitoa VCA unaisafisha, osileta haina habari. Yakiwa yote kwenye bodi moja, siku ya harusi huna ala. Tena nobu za A-111-5 ni ndogo mno, mkono ukiwa na jasho utahangaika.

Binti_Mkunazini
Fundi, safu moja hiyo! Akishaweka osileta 2, filta, VCA 2, enivelopu 2, mikisa na moduli ya MIDI ya kuunganisha kinanda, mwangwi atauweka wapi? Kaka, wewe tazama matundu. Kila sehemu ikiwa na tundu lake la kuingilia na la kutokea, na muungano wa ndani ukakatika pale unapochomeka waya, hujapoteza kitu kwa kuchukua paneli ya pamoja. Sinthesaiza ya ARP 2600 ya 1971 ilikuwa hivyo: inalia bila waya hata mmoja, na ukitaka kuipangua unaipangua. Lakini filta isiyo na tundu la kuingizia sauti kutoka nje usiiguse. Udi wenyewe utaupitishaje humo? Ukikuza sauti ya maikrofoni ikafika kiwango cha moduli, filta ikafunguka kila uzi unapopigwa, utapenda.

Na bayati: osileta hupanda oktavu moja kwa kila volti 1, kwa hiyo nusu toni ni volti 0.083, na hatua ya kwanza ya bayati ni kama volti 0.125, katikati ya nota mbili za kinanda. Usiweke kwantaiza (moduli inayovuta sauti kwenye nota zilizopangwa) ya nota 12 tu hapo, itakuharibia maqam yote.

Kinanda_Chake
Kuupitisha udi sikuwahi kufikiria, ahsante dada. Basi osileta na filta mbalimbali, VCA na enivelopu paneli moja?

Fundi_Wete
Hapo nakubali, hizo mbili mara nyingi huenda pamoja. Kwanza zipange kwenye VCV Rack, programu ya kompyuta ya kuigiza moduli, ni bure, uone unachokitumia kweli. Halafu jumlisha miliampia za kila moduli, upande wa volti +12 na wa −12, ulinganishe na pawasaplai yako. Hesabu ilete hapa kabla hujalipa.