Poti za ekzosi zina umbo la D, hedazi ni duara: nimalizie kwa msasa namba ngapi?

SpanaKumi
Habari wakuu. Nina silinda hedi ya alumini, silinda nne, valvu 16, haina turbo. Iko mezani, nimeshatoa kila kitu. Poti za ekzosi, yaani njia za kutolea moshi ndani ya hedi, zina umbo la D iliyolala chali: dari mviringo, sakafu bapa, upana 36 mm, kimo 30 mm. Hedazi mpya (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye hedi) ina mabomba ya duara, kipenyo cha ndani 38 mm. Nataka poti zilingane na bomba ili moshi usigonge ukingo. Nimalizie kwa msasa 120, au niende hadi 400 ing'ae kabisa? Naombeni majibu ya haraka, hedi inarudi kwenye injini wikiendi hii na sina amani nayo.

MsasaMweusi
Namba 80 hadi 120 inatosha. Kung'arisha zaidi ni kazi ya bure, kaboni itafunika ule mng'ao mapema tu. Kilicho muhimu ni meno ya kukatia: alumini inataka meno makubwa yaliyo mbalimbali, na upake mafuta ya taa mara kwa mara, la sivyo yanaziba na kuanza kuchimba mashimo. Weka valvu chakavu kwenye siti (pale valvu inapokalia) wakati unakata. Ukiteleza mara moja kwenye siti, hiyo ni siti mpya.

BombaRefu
Poti waachie wenyewe, mambo yapo kwenye hedazi. Ni ya 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) au 4-1 (manne moja kwa moja kuwa moja)? Ya 4-2-1 husaidia mvuto injini ikiwa kwenye mizunguko ya kati, ya 4-1 huegemea mizunguko ya juu. Tuambie na urefu wa mabomba ya kwanza.

MamaTorki
Mleta uzi, kabla ya msasa: nani kakwambia ile sakafu bapa ni kasoro? Moshi ukitoka kwenye valvu unapanda, halafu unakata kona kwenda nje. Ukiwa na kasi hauwezi kuifuata kona ya ndani, unabanduka na kukimbilia darini. Pale chini, baada ya kona, panabaki moshi unaojizungushia tu. Umbo la D limeondoa nafasi hiyo isiyofanya kazi. Ukiishusha sakafu unairudisha, na ndiyo njia ambayo moshi hurudia kwenye silinda wakati valvu za kuingiza na kutoa ziko wazi pamoja kwenye mizunguko ya chini. Je, umeshakata?

SpanaKumi
Nashukuru dada, ila nimeuliza msasa tu. Gasketi yenyewe ina tundu la duara la 38 mm. Kama aliyeitengeneza kaweka duara, basi duara ndilo sahihi.

MzeeKipimo
Kijana, chuma kikishakatwa hakirudi. Hesabu hufanywa kabla ya grainda kuwashwa. Valvu zako za ekzosi zina kipenyo gani?

SpanaKumi
27 mm, mbili kila silinda.

MzeeKipimo
Koo chini ya siti, tukichukua asilimia 88 ya valvu, ni kama 23.8 mm. Eneo lake ni karibu 445 mm za mraba, kwa koo mbili 890, na hapo sijatoa shina la valvu. D yako ya 36 kwa 30 ina kama 920. Kwa hiyo mlango wa nje tayari ni mkubwa kuliko koo. Duara la 38 ni 1,134, zaidi ya koo kwa robo na ushee. Moshi utapoteza kasi ndani ya hedi, na kasi hiyo ndiyo inayosaidia kuvuta mabaki kutoka kwenye silinda. Kama unatafuta nguvu, itafute kwenye siti: pembe tatu safi, 30, 45 na 60, uso wa 45 uwe na upana wa 1.5 mm hadi 2. Usiupunguze chini ya hapo, maana joto la valvu ya ekzosi hutoka zaidi kupitia siti.

MamaTorki
SpanaKumi, hujanijibu. Anayeuliza msasa wa kumalizia ameshapita hatua ya kukata.

SpanaKumi
Sawa. Poti 1 na 2 nimeshusha sakafu 3 mm. Lakini nimekata taratibu, pako laini, na nilipomwaga maji kwenye njia za maji hakuna kilichovuja. Hedazi nimeshanunua, sioni sababu ya kuishia njiani.

Grisi_Nyeupe
Jaza kwa gundi ya chuma ya sehemu mbili, usugue, yaishe.

MamaTorki
Hapana, tafadhali. Gundi hiyo hutumika kwenye poti za kuingiza hewa, ambako ni baridi. Moshi wa ekzosi hupita 700°C injini ikibebeshwa mzigo. Gundi itaungua na kubanduka vipande.

SioChai
Wakuu, mimi naona hii ni chai. Kimo 30, kashusha 3, inakuwa 33. Hiyo 38 inatoka wapi? Na gasketi ya kiwandani hufuata umbo la poti, ikizidi ni kidogo tu. Hakuna anayetengeneza poti ya D kisha akaikatia gasketi ya duara kubwa hivyo. Tupia picha ya poti na gasketi pamoja, la sivyo tunapoteza muda.

SpanaKumi
Si chai. Hizo 5 mm zilizobaki nilipanga kuzitoa darini, na upana 1 mm kila upande. Gasketi ilikuja ndani ya boksi la hedazi. Ya zamani ilichanika wakati wa kufungua, ila kipande kilichobaki kina sakafu bapa. Boliti zinalingana kote, ndiyo maana sikuwa na shaka.

SioChai
Nafuta neno langu. Lakini hapo ndipo penye tatizo: umechora mstari wa kukatia kwa gasketi isiyofuata hedi yako. Boliti kulingana hakusemi chochote kuhusu poti.

MzeeKipimo
Kwanza, dari usiiguse, wala uvimbe unaozunguka bushi ya valvu (kibomba kinachoongoza shina la valvu). Bushi inatoa joto la shina.

Kumwaga maji si kipimo. Kwenye hedi nyingi maji hupita chini ya sakafu ya poti, palepale ulipokata. Tafuta kipimo cha unene cha mawimbi ya sauti chenye kichwa kidogo, ukipange kwa ajili ya alumini, yaani kasi ya sauti ya kama mita 6,300 kwa sekunde. Kikibaki kimepangwa kwa ajili ya chuma cha pua au cha kawaida kitakupa namba ya uongo. Pima sakafu yote, hasa baada ya kona. Chini ya 3 mm mimi sifungi hedi hiyo.

Halafu ipimwe presha: njia za maji zizibwe kwa bamba na mpira, hewa ya bar 2 hadi 3, hedi izamishwe kwenye maji ya 70 hadi 80°C kwa dakika 20. Maji ya baridi huficha ufa unaofunguka hedi ikipata moto.

Pakiwa pembamba, pajazwe kwa kuchomelea kwa gesi ya argoni na waya wa alumini wa aina ya 4043, hedi ipashwe moto kwanza na ifungwe kwenye bamba nene isipinde. Baada ya hapo kagua siti zisilegee, kambashafti izunguke kwa mkono, na uso wa hedi uchongwe ukiwa umepinda zaidi ya 0.05 mm.

Hedazi kuwa kubwa kuliko poti si kosa. Ule ukingo pale chini huzuia moshi unaorudi. Gasketi ya boksi itumie tu kama mvimbo wake (ule mstari ulioinuka wa kuzibia) unakaa juu ya uso wa hedi pande zote.

SpanaKumi
Nimeelewa, kesho inaenda kupimwa. Poti 3 na 4 nizishushe japo 1 mm zikaribiane na zile mbili?

MamaTorki
Usiziguse. Tofauti ya poti mbili utaivumilia kwenye mizunguko ya chini, lakini kuongeza sehemu mbili nyingine za kuhofia uvujaji hakuna faida. Na kabla hujaipeleka, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, pitisha brashi kwenye kila njia ya mafuta, kisha upulize. Chembe za alumini zikibaki humo zitafika kwenye kambashafti kabla hujamaliza kusikiliza mlio wa hedazi.