Kukosoa kazi pendwa: mkosoaji apunguze ukali, au mashabiki wakaze roho?

Wino Mwekundu: Kinachomchoma shabiki ni kuingizwa yeye kwenye hukumu. Ukisema "tamthilia ya hovyo", umemwambia aliyeipenda kwamba hana jicho. Taja mahali, taja kasoro, eleza imeharibu nini. Mfano *Julius Caesar* ya Shakespeare, tendo la 2, onyesho la 1: saa ya mitambo inagonga kengele Roma, mwaka 44 KK! Saa hizo zilikuja zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Hapo umeigusa kazi, mtu hujamgusa. Na usimvamie mtu akiwa katikati ya kusifu.

Bi Pazia: Tamthilia nzima umeona saa tu? Saa tisa usiku wanakula njama ya kumuua Caesar, saa mbili asubuhi wako kwake, saa tatu Portia, mke wa Brutus aliye kwenye njama, anauliza saa huku roho juu. Shakespeare anatuhesabia uhai wa mtu. Hiyo ni ufundi.

Wino Mwekundu: Ufundi sijaukana, dada. Lakini mlinzi wa zamu angeweza kutangaza saa, na Roma walinzi wa usiku walikuwepo.

Bi Pazia: Mlinzi apige kelele karibu na watu wanaopanga mauaji? Haya, andika wewe.

Mkuu wa Jukwaa: Mmeng'ang'ania saa! Tolstoy, yule mwandishi Mrusi, aliichambua *King Lear* ya Shakespeare onyesho kwa onyesho, uchambuzi ukachapishwa 1906. Mahali alitaja, kasoro alitaja, na bado ilizua hasira. Kwa nini? Kwa sababu alienda mbali akadai wanaomtukuza Shakespeare wameambukizana fikra, kama watu waliopumbazwa.

Bi Pazia: Kwa hiyo sisi tumepumbazwa?

Mkuu wa Jukwaa: Nimesema Tolstoy, sikusema mimi.

Bi Pazia: Umemleta kwa furaha lakini.

Karani: Na muhtasari wake haukuwa wa haki. Ukisimulia tukio na kuacha maneno yenyewe, tamthilia yoyote itaonekana ya kipuuzi. Nukuu mistari, msomaji apime mwenyewe. Ila mwandishi Mwingereza Orwell, alipomjibu 1947, naye alimgeukia mtu: alimfananisha Tolstoy na Lear mwenyewe, mzee aliyeachia mali na asipate amani.

Wino Mwekundu: Ndiyo maana nasema mtu awekwe kando.

Karani: Kwa Orwell ile ndiyo sehemu inayofunua zaidi. Ukiiondoa, jibu linabaki nusu.

Bi Pazia: Mlinzi wa zamu bado sijajibiwa.