Naomba ushauri: mawimbi na barafu ya bahari ya Antaktika

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa tasnifu ya uzamili kuhusu namna mawimbi yanavyoathiri barafu ya bahari kuzunguka Antaktika. Najua mtauliza mtu wa fizikia hapa Dar anatafuta nini huko. Bahari ya Kusini haina bara la kuyakinga mawimbi, ndiyo maana imeniteka.

Vifaa vilivyowekwa juu ya barafu mwaka 2012 vilionyesha kuwa mawimbi yanayozidi mita 3 hayafifii haraka kama ilivyodhaniwa: yanapenya mamia ya kilomita na kuipasua. Lakini majira ya baridi mawimbi hayohayo hugonganisha barafu changa mpaka ikawa visahani vya mviringo, ambavyo baadaye hugandana na kuwa tabaka moja.

Tatizo langu ni data. Za ERA5 (kumbukumbu za hali ya hewa na mawimbi ya dunia zinazokokotolewa na kompyuta kutokana na vipimo) zinaacha tupu sehemu yenye barafu nyingi, yaani palepale ninapopahitaji! Nibaki ukingoni mwa barafu tu na ramani za setilaiti, au nijaribu WAVEWATCH III, modeli ya kompyuta ya kukokotoa mawimbi? Nina laptopu ya kawaida, na msimamizi anataka pendekezo mwezi ujao. Aliyewahi kuiendesha modeli hiyo anisaidie tafadhali.