Zawadi ya mzazi: riwaya za mapenzi ya enzi za kale au vitabu vya kadibodi vya mtoto?

Mkekani: Wadau habarini. Jumamosi naenda kumwona mzazi, mfukoni nina elfu sitini. Nimebakiwa na mawili: riwaya tatu za mapenzi za kihistoria, zile za malodi wa Uingereza na mabinti wa watu, au seti ya vitabu vya mtoto vya kurasa ngumu. Kipi kitamfaa?

Bi_Rafu: Umeficha yote ya maana. Mtoto ana umri gani? Mama anasoma lugha gani? Na riwaya anazipenda yeye au unazipenda wewe?

Gundi_Moto: Na hiyo seti ina vitabu vingapi, vya sentimita ngapi?

Mkekani: Mtoto ana wiki tatu. Mama anasoma Kiswahili na Kiingereza. Vipimo sijui, nimeona picha tu mtandaoni.

Gundi_Moto: Picha tu! Kuna seti ya vitabu sita ilizunguka sana hapa mtaani. Kwenye picha kitabu kinaonekana kikubwa kama sahani. Ukifungua boksi, kila kimoja ni sentimita 9 kwa 9, kurasa nane, mgongo umeshikwa na karatasi ya jalada peke yake. Mtoto akianza kutafuna, mate yanaingia kwenye ncha ya kona, kadibodi inavimba, tabaka zinaachana kama chapati ya kusukuma. Baada ya hapo anang'oa vipande na kuvimeza. Muuzaji akiulizwa anajibu kwamba kitabu si cha kutafuna. Sasa kitabu cha mtoto wa miezi saba kitafanywa nini kingine?

Kitabu kizuri hutengenezwa hivi: kila jozi ya kurasa zinazotazamana huchapwa kwenye kadi moja, ikakunjwa katikati, kisha ikabandikwa mgongo kwa mgongo na jozi inayofuata. Ndiyo maana picha inavuka katikati bila mshono na kitabu kinalala wazi mezani. Ukiwa dukani kifungue katikati ukiachie. Kikijifunga chenyewe, kirudishe. Kona ziwe za duara. Minya kona moja kati ya vidole viwili ukiisokota kidogo; ukiona mstari mweupe unafunguka pembeni, gundi haikufika ukingoni.

Dakawa77: Wiki tatu haoni hata hizo picha za simba na twiga. Kichanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na kinachomvuta ni nyeusi juu ya nyeupe. Chukua kadi nyeupe, chora miduara na mistari minene kwa maka peni, umemaliza. Elfu sitini mpe mama.

Bi_Rafu: Naungana na Dakawa. Ila riwaya nazo zina mtego. Zile za saizi ya mfukoni zina herufi ndogo na mgongo wa gundi unaojifunga, na anayenyonyesha ana mkono mmoja. Ukiukunja kwa nguvu mgongo unavunjika, kurasa zinaanza kudondoka katikati. Tafuta toleo la saizi kubwa. Halafu uliza kama ziko kwenye mfululizo: nyingi kila kitabu ni cha ndugu mwingine wa familia ileile, na ukianzia cha nne unajua tayari nani kaoa nani.

Mzee_Kibatari: Hizo riwaya mimi zinanichosha. Nyingi hadithi yake iko miaka ya 1811 hadi 1820, Mfalme George wa Tatu akiwa mgonjwa na mwanawe akishika madaraka. Uingereza nzima madyuki, yaani malodi wa cheo cha juu kabisa, hawakufika hata 40, lakini riwayani kila dansi lina watano, wote vijana, wote na meno kamili. Mnunulie *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi. Zanzibar ya ukoloni, Yasmin anaozwa kwa mzee, kisha anakutana na Denge.

Bi_Rafu: Mzee, hiyo ni riwaya ya siasa yenye mapenzi ndani. Msomaji wa mapenzi ya kihistoria anataka uhakika kwamba wawili wataishia pamoja. Hapo Shafi hakuahidi chochote.

Mzee_Kibatari: Kwa hiyo mapenzi ya kweli lazima yaishe kwa harusi?

Bi_Rafu: Sijasema ya kweli. Nimesema aina ya kitabu. Duka la dawa nalo haliuzi mchele.

Dakawa77: Turudi kwenye mada. Mkekani, ukichukua vya kadibodi, vyenye vitufe vya muziki achana navyo kama mfuniko wa betri hauna skrubu. Betri ya kitufe, ile ndogo bapa ya duara, ikimezwa huunguza koo la chakula ndani ya saa mbili hivi. Vyenye vipande vya kuinua ili uone picha iliyofichwa chini pia subiri, ile ni karatasi nyembamba na hung'olewa siku ya kwanza.

Mkekani: Asanteni. Nilisahau kusema, ni mapacha.

Gundi_Moto: Mkekani!!

Dakawa77: Basi vya kadibodi viwe viwili vinavyofanana, la sivyo watagombea kimoja.

Bi_Rafu: Kugombania kitabu ni miezi kumi mbele huko. Sasa hivi mama wa mapacha mikono yote miwili imejaa, hata hiyo saizi kubwa naifuta. Angalia kama kuna za kusikiliza kwenye simu.

Mzee_Kibatari: *Vuta n'kuvute* ina filamu, ya 2021.

Bi_Rafu: Mzee, tumeshakusikia.