Je, makabila mapya yanaupunguza utamaduni wa Kenya?

Mchangiaji aliyenitangulia anadai kwamba Serikali ya Kenya, kwa kuwatambua Wamakonde, Wakenya wenye asili ya Asia na Wapemba, imeugeuza utamaduni wa taifa kuwa kapu la kila mpita njia. Naomba kutofautiana naye, ingawa si katika kila jambo.

Wamakonde hawakuwa wapita njia. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani, na wajukuu waliozaliwa Kwale walikuwa bado hawana vitambulisho ilipofika Oktoba 2016, walipofunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Miaka yote hiyo walikuwa wakichonga vinyago vyao na kuzungumza Kiswahili na majirani. Kitambulisho hakikumleta mtu. Kilimkuta nyumbani kwake.

Kuhusu Waasia, hoja ya mwenzangu ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, ambao wengi wao walirudi kwao, ilifuatiwa na wafanyabiashara waliotuachia chapati, ambayo leo Krismasi haijakamilika bila hiyo, pamoja na maneno kama gari, bima na laki. Hata hivyo, wengi wamebaki wakioana na kuishi wao kwa wao. Mkoloni ndiye aliyeigawa Nairobi kwa rangi, lakini zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru hatuwezi kumtwika yeye mzigo wote.

Kinachonikera mimi ni neno lenyewe, kabila. Mwaka 2017 Wagujarati, Wapunjabi na Wagoa, Wahindu, Masingasinga na Waislamu, walitiwa katika chungu kimoja na kuitwa kabila la 44, kana kwamba Mkenya hawezi kuwa raia mpaka apate kabila la kuandikwa kwenye fomu. Hapo ndipo utamaduni wetu unapopungukiwa, wala si kwa kuongezeka kwa watu.

Na huyo Mpemba mvuvi wa Kilifi, aliyetambuliwa mwaka 2023, atafundishwa utamaduni gani na taifa ambalo Katiba yake ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa?