Bwawa la kwanza uani: la pete ya hewa, la fremu ya futi 12, au lile kubwa la futi 15?

mama_wawili, Donholm
Hamjambo wote. Watoto wangu wana miaka sita na tisa, na likizo ya Desemba haijafika lakini kila jioni wananiuliza habari ya bwawa. Nimezunguka madukani nikabaki na matatu. Kuna la pete ya hewa, futi 10 kwa inchi 30: unajaza pete upepo, unafungulia maji na ukuta unapanda wenyewe. Kuna la fremu ya vyuma, futi 12 kwa inchi 30. Halafu kuna ambalo baba yao amelipenda, la fremu, futi 15 na kimo inchi 48. Ua wetu ni kama mita tano kwa sita, udongo mweusi, na maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Naomba kusikia kutoka kwa aliyewahi kulitunza bwawa, hata kama ni msimu mmoja tu.

fundi_wa_bomba
Dada, kabla ya bei hesabu maji. La pete linabeba karibu lita 3,850. Fremu ya futi 12 ni lita 6,500 hivi. Lile la futi 15 linakaribia lita 16,800. Gari la maji la lita 10,000 linajaza la kati na kukuachia ya tangi. Lile kubwa linataka magari mawili, na siku likichafuka kabisa ukalazimika kumwaga, unayaita tena yote mawili. Tena futi 15 ni mita nne na nusu na zaidi, na miguu ya fremu inatokeza nje ya duara. Kwa ua wa mita tano hutabaki na pa kupita. Hilo mwambie mzee kwa heshima, lakini mwambie.

Sasa udongo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hata la kati linaweka tani sita na nusu mahali pamoja. Udongo mweusi unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na bwawa halivumilii hayo. Ondoa tabaka la juu, weka murram, mwagilia, shindilia, kisha ongeza nyingine, mwagilia, shindilia. Usimwage lori zima mara moja ukapitisha koleo juu. Na mahali pakiwa na mwinamo, chimba upande ulioinuka ulingane na wa chini. Wengi hufanya kinyume: wanajaza mchanga upande wa chini. Uzito ukija mchanga unahama, na ukuta wa upande huo ndio unaobeba maji yote. Kupima chukua ubao mrefu ulionyooka uweke pima maji juu yake, uzungushe kama mshale wa saa kutoka katikati. Kama huna, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, unatosha. Hivyo ndivyo waashi wetu wanavyosawazisha msingi.

baba_tumaini, Kasarani
Fundi amesema la msingi. Mimi nilianza na la pete. Niliona nyasi zimelala vizuri nikaamini ni sawa, sikupima. Siku tatu halikusumbua. Ya nne, alfajiri, nasikia mlio kama wa mtu anayeburuta gunia sakafuni. Nilipotoka, upande wa ukuta wa jirani ulikuwa umelala chini na maji yanapita juu ya pete kwa utulivu, hayana haraka, yamebeba viatu vya mtoto hadi kwenye banda la kuku la watu. Hewa ndani ya pete husinyaa usiku ukiwa na baridi. Pete ikilegea kidogo na ardhi ikiwa na mwinamo, maji yanasukuma pale palipo dhaifu. Jirani alipoteza vifaranga wawili. Nililipa, na bado nikimpita langoni naona vibaya.

Sasa nina la fremu mwaka wa pili. Fremu haitegemei upepo. Ila vyuma vikae kwenye vigae vya zege au mbao ngumu, la sivyo miguu inazama kwenye tope moja baada ya mwingine.

mpangaji_rongai
Naomba nilitetee la pete. Sisi wapangaji hatuwezi kuchimba ua wa mwenye nyumba na kumwaga murram. La pete dogo, la futi 8, linabeba karibu lita 2,400 tu. Tunalitandika sehemu yenye saruji, juu ya zulia kuukuu na turubai, na tukihama linakunjwa na kuingia kwenye mfuko. Likitoboka, kiraka cha dukani kinashika hata chini ya maji. Mtoto wangu amejifunza kuelea humo. Sharti ardhi iwe sawa kabisa na mbwa afungwe, kwa sababu kucha zake ni sindano.

bi_zuhura, South C
Mama wawili, lolote utakalochukua, mwezi wa kwanza kazi yako ni maji yenyewe. Nililijaza la kwangu kwa maji ya kisima kirefu. Yalikuwa maangavu, unaona mshono wa chini. Jioni nikatia klorini, asubuhi nakuta rangi ya chai ya rangi bila maziwa, na utepe wa kahawia umeshika ukutani. Kumbe maji yana madini ya chuma, na klorini inayafichua. Niliendesha pampu mfululizo, nikitoa katriji, kile kichujio cha pampu, na kuiosha kwa mpira kila baada ya saa chache, na kila mara ilitoka na tope kama la mfinyanzi. Siku ya nne yakarudi kuwa maangavu. Kwa hiyo maji ya kisima yajaribu kwanza kwenye ndoo: tia klorini kidogo, subiri hadi kesho, tazama rangi.

Vijiti vya kupimia ni lazima. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ikae kati ya 7.2 na 7.6, klorini kati ya alama 1 na 3 (miligramu kwa lita). Klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, gramu 10 zinapandisha lita 6,500 kwa alama moja, kwa hiyo usimwage kwa kikombe. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji. Maji yatangulie, unga ufuate, usigeuze. Tia jioni, jua la hapa linaila klorini mchana kabla haijafanya kazi. Vidonge vya klorini viweke kwenye kidude kinachoelea, ukiviacha chini vinababua plastiki. Na tafadhali sana, unga na vidonge visikutane kwenye chombo kimoja, hata kijiko kisichangiwe. Vikichanganyika vinaweza kushika moto.

mwanga_wa_umeme
Naongeza la stima. Pampu ikiletwa na ndugu kutoka Marekani, soma kibandiko: zao ni volti 120, zetu 240, itaungua siku hiyo hiyo. Usitumie waya wa kuunganisha uliolazwa kwenye nyasi. Soketi iwe mbali na bwawa, juu, imefunikwa, na iwe na kile kikatizi cha miliampea 30 kinachokata stima ikivuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Na pampu izimwe watoto wakiwa majini.

Kuhusu ukubwa wa pampu: ile ndogo inayokuja ndani ya boksi mara nyingi ni dhaifu. Ukipata ya lita 2,000 kwa saa, bwawa la lita 6,500 linapita lote kwa saa tatu na ushee kwenye karatasi. Ipe sita, kwa sababu filta ikianza kuziba mwendo unashuka. Filta ya mchanga ni bora kuliko katriji, lakini kwa bwawa la kati katriji inatosha ukiiosha kila wiki na kuwa na ya akiba. Stima ikipotea usiku kucha, ongeza klorini kidogo na uendeshe pampu mara ikirudi. Maji yaliyotulia kwenye joto huwa kijani, na ukuta huanza kuteleza.

mama_wawili, Donholm
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili na baba yao akiwa kando yangu. Tunachukua la futi 12. Nina mawili: Julai inakuwaje? Na nikilimwaga, maji naweza kumwagilia sukuma?

bi_zuhura, South C
Juni hadi Agosti huku kwetu juu, hata mchana watoto wanatoka midomo imekuwa ya zambarau. Mimi nalivunja Mei mwishoni, nalikausha kabisa, nalikunja na unga wa wanga kati ya mikunjo lisishikane. Maji yaache siku kadhaa juani bila klorini, upime kwa kijiti. Kikisoma sifuri, mwagilia nyasi na maua. Sukuma wape maji safi.

Na ngazi, mama. Mkitoka majini ngazi inaingia ndani ya nyumba, kila siku, hata mkiwa mnarudi baada ya dakika kumi. Mtoto wa miaka sita anazama kwenye maji yasiyofika kifuani mwake, na hapigi kelele. Mtu mzima akae pale, simu ibaki mezani.

mama_wawili, Donholm
Ngazi itakaa chumbani kwangu. Murram inakuja Jumamosi.

fundi_wa_bomba
Vizuri. Ukishatandika, jaza maji ya sentimita tano tu, ingia miguu mitupu uisukume mikunjo kutoka katikati kwenda nje. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu, funga mfereji upime kina pande nne kwa rula. Tofauti ikizidi sentimita mbili na nusu, mwaga usawazishe upya. Hapo utakuwa umepoteza maji kidogo, si gari zima.