Mwenye 62% ya bomba ni Mfaransa, ila anayeitwa kibaraka wa mabeberu ni mvuvi wa Tanga!

Wakuu, salaam.

Hili jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa, naomba nilitoe hapa. Ni refu. Atakayenijibu anisome kwanza mpaka mwisho.

Ijumaa jioni nilikuwa barazani kwetu Ngamiani, tunakunywa kahawa kama siku zote. Ikaja habari ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, huku kwetu Tanga. Nikauliza swali moja, naliandika hapa kama nilivyolitamka: "Siku mafuta yakimwagika pale Chongoleani, mvuvi atakayekaa miezi mitatu bila kwenda baharini atalipwa na nani, na hilo limeandikwa wapi?" Sikusema bomba lisijengwe. Sikumtukana mtu. Mzee mmoja ambaye namheshimu toka utotoni akaweka kikombe chini, akaniangalia, akasema: "Mwanangu, nyie ndio mnaotumiwa na mabeberu." Watu wakacheka. Mazungumzo yakahamia mpira, timu yetu ya Coastal Union. Mpaka muuza kahawa anakusanya vikombe vyake, swali langu lilikuwa halijajibiwa.

Nimechoka na hilo neno. Nimechoka kweli kweli. Mtu ukiuliza habari ya maji, unatumiwa. Ukiuliza fidia, unatumiwa. Ukiuliza mikoko, umetumwa na Ulaya.

Haya, tumtafute huyo beberu kwa hesabu. Bomba hili, jina lake EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443, na katika hizo kilomita 1,147 ziko kwetu Tanzania, kuanzia Kagera mpaka huku Tanga. Wenye hisa ni wanne. TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, ina 15%. UNOC, shirika la mafuta la Uganda, ina 15%. CNOOC, kampuni ya mafuta ya China, ina 8%. Zilizobaki zote, 62%, ni za TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa. Sisi na Waganda tukijumlisha hisa zetu hatufiki hata nusu ya alizonazo Mfaransa. Na huko visimani Uganda yanakotoka mafuta ndivyo hivyo: eneo la Tilenga anaendesha Mfaransa, Kingfisher anaendesha Mchina. Sehemu ya visima vya Tilenga imo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls, hifadhi ya taifa ya Waganda. Sasa wazee wangu na wadogo zangu, nielezeni. Kama beberu ni mgeni anayekuja kuchukua mali ya Afrika akaondoka nayo, katika habari hii beberu ni yupi? Ni mimi mwenye kikombe cha kahawa?

Na mafuta yenyewe si ya kutumia sisi. Ni ghafi, mazito, yana nta, yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba lote litabidi lipashwe moto muda wote kwenye nyuzi 50 hivi ili yatiririke. Yakifika Chongoleani yanaingia kwenye matangi, yanapakiwa melini, yanaondoka. Tanzania haina kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kinachofanya kazi leo. Lakini kuna watu hapa mjini wanaamini kabisa kwamba bomba likianza kazi petroli itashuka bei, bodaboda atajaza tangi kwa buku mbili. Hakuna anayewasahihisha, kwa sababu anayewasahihisha naye anatumiwa.

Twende mbele. Wenye makampuni haya walijua zamani madhara ya wanachokiuza. Mwaka 1971 jarida la Total yenyewe, ndiyo TotalEnergies ya leo, lilichapisha makala inayoonya kwamba kuchoma mafuta na makaa kunaongeza hewa ya ukaa angani na dunia itapata joto. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Exxon, kampuni ya mafuta ya Marekani, James Black, aliwaeleza wakubwa wake jambo hilo hilo wamekaa mezani. 1971, wakuu! Mimi nilikuwa sijazaliwa. Miaka iliyofuata Exxon wakatumia fedha zao kuwatia watu shaka juu ya elimu ambayo wataalamu wao wenyewe walikuwa wameshawapa. Na leo wamo ndani ya vikao vya tabianchi vyenyewe. Mkutano wa tabianchi wa COP28 pale Dubai mwaka 2023, aliyekalia kiti ni Sultan Al Jaber, ambaye wakati huo huo ndiye mkuu wa kampuni ya mafuta ya ADNOC. Muungano wa Kick Big Polluters Out ulihesabu washawishi wa mafuta, gesi na makaa zaidi ya 2,400 waliopewa vibali vya kuingia kwenye mkutano ule. Watu 2,400 wanalipwa mishahara kwenda kutetea mafuta, hakuna anayewauliza wametumwa na nani. Kijana wa Kampala kabeba bango la boksi, huyo ndiye ametumwa.

Tena tuwaongelee hao vijana wa Kampala, maana wengi wetu hatufuatilii ya jirani. Oktoba 2022 wanafunzi 9 walikamatwa wakienda ofisi za Umoja wa Ulaya kupeleka msimamo wao juu ya bomba hili. Walishtakiwa kwa kuwa kero kwa umma. Kero! Kabla ya hapo, Agosti 2021, serikali ya Uganda ilisimamisha mashirika 54 kwa mpigo, AFIEGO likiwemo, ambalo miaka yote limekuwa likisimama na wanavijiji wa maeneo ya mafuta. Juni 2024 mfanyakazi wa shirika la mazingira la EGI, mtu aliyekuwa akifuatilia malalamiko ya wananchi wa Kingfisher, alitekwa Kampala. Baada ya siku 5 alikutwa ametelekezwa kando ya barabara huko Kyenjojo, amepigwa. Mtu anayetumiwa na wenye nguvu hapigwi akatupwa barabarani.

Kuna wanaosema, kama mna hoja si mwende mahakamani? Walikwenda. Novemba 2020 mashirika manne yalifungua kesi ya kulipinga bomba hili Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha: mawili ya Uganda, moja la Kenya, moja la hapa kwetu Tanzania. Hakuna la Ulaya hata moja katika hayo manne. Wakasubiri miaka 3. Tarehe 29 Novemba 2023 mahakama ikasema kesi imechelewa kuletwa, kwamba walitakiwa kuja tangu 2017 Uganda na Tanzania zilipotiliana saini mkataba wa bomba, kwa kuwa Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi 2 tu. Ikatupwa. Hoja za maji hazikusikilizwa. Hoja za ardhi hazikusikilizwa. Mimi si mwanasheria na sheria ya muda naiheshimu, lakini niambieni mkulima wa Tabora angejuaje mwaka 2017, ndani ya miezi 2, kwamba kuna karatasi imesainiwa itakayopita shambani kwake? Mwenyewe alikuja kujua siku wathamini walipoingia na vigingi.

Habari ya wathamini naijua kwa karibu, na hapa nisieleweke vibaya: ninayoyasema sasa si ya bomba hili, ni mradi mwingine wa miaka ya nyuma na siutaji jina. Shangazi yangu wa Muheza ana shamba la michungwa. Walikuja vijana wawili na daftari, wakahesabu mti mmoja mmoja, wakaupiga kila mti alama ya rangi nyekundu, wakampa karatasi ya Kiingereza akaweka dole gumba. Wakamwambia kuanzia leo usipande zao la kudumu, usijenge, usiongeze chumba. Akatii. Mti uliokufa hakuziba pengo lake. Bati lilipotoboka jikoni aliogopa hata kulibadilisha asije akaambiwa kavunja masharti, akawa anapikia chini ya turubai. Sheria inataka fidia ya haraka, na ikizidi miezi 6 iwe na riba. Yeye alingoja miaka mitatu na nusu. Nilikwenda naye ofisini mara tano, mara ya tano karani akamwambia "mama, mbona una haraka?" Alama za ile rangi bado zipo kwenye magome, zimefifia zimekuwa kama damu kavu. Hajui mpaka leo zile namba kwenye karatasi zilikuwa za nini.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwenye njia ya bomba hili wengi walifanyiwa tathmini 2018 na 2019 na pesa zikaja miaka 3 na zaidi baadaye, mimi sihitaji Mzungu anifafanulie. Naliona turubai la shangazi. Mbuzi aliyekuwa laki moja mwaka wa tathmini si laki moja siku ya malipo.

Na msinambie haya ni mageni kwetu. Mtwara 2013 mmesahau? Watu walisema gesi haitoki mpaka tuelezwe sisi tunabaki na nini. Wakaitwa wachochezi, jeshi likaingia mitaani, watu wakafa. Swali lao lilikuwa la kawaida kabisa, ni swali ambalo mwenye nyumba yeyote angemuuliza mtu anayebeba kitu mlangoni kwake.

Sasa najua hoja inayokuja: "Ulaya walichoma makaa miaka 200 wakatajirika, leo wanatukataza sisi." Hoja hii ni nzito na mimi nasimama nayo. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio lake Septemba 2022 juu ya bomba hili na mimi nilikasirika, maana sauti yake ilikuwa ya bwana mkubwa anayewafundisha watoto. Norway mpaka leo inachimba na kuuza. Lakini jamani, hasira yangu kwa Ulaya haimpi Mfaransa mwenye 62% leseni ya kupita kwetu bila kuulizwa. Unafiki wa Ulaya hausafishi maji yakishaingia mafuta. Karibu theluthi moja ya bomba inapita kwenye bonde la Ziwa Viktoria. Huku baharini kwetu kuna hifadhi ya silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, samaki ambaye dunia nzima ilidhani ametoweka, wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimkuta kwenye nyavu zao za maji marefu. Kuuliza usalama wa hayo ni Uzungu?

Nendeni Lamu, Kenya, mkajifunze. Ulipangwa kujengwa kwao mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, si mbali sana na mji mkongwe. Wavuvi na akina mama wa Lamu walisema hapana. Wao pia waliitwa maadui wa maendeleo. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likafuta leseni, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda ni watu wa majahazi, Waswahili kama sisi, walioomba kuelezwa kwa lugha wanayoielewa.

NYONGEZA: Nimerudi baada ya isha, naona majibu. Mkuu uliyeniuliza "unataka nini hasa, bomba ndo limeshajengwa", nakujibu. Nataka mkataba uliosainiwa Mei 2021 kati ya serikali na kampuni uwekwe wazi, kwa Kiswahili, kila ofisi ya kijiji kwenye mikoa yote 8 linapopita. Hapa kijiweni hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona. Nataka kipengele cha kumwagika mafuta baharini kisomwe kwa sauti kwenye soko la samaki Deep Sea, wavuvi wakiwepo, na aje mtu wa kuulizwa maswali. Asije na fulana na kofia za kugawa.

Na wewe uliyeandika "weka wazi unalipwa shilingi ngapi", mimi nina duka la vipuri vya injini za boti. Wateja wangu ndio hao wavuvi. Bahari ikifungwa wiki moja nafunga na mimi.

Yule mzee wa barazani nitamkuta tena Ijumaa hii. Nitamwamkia shikamoo kama siku zote, nitamlipia kahawa yake, halafu nitamuuliza swali lile lile.